Mpini wa Koki

Alhamisi ile baba alimuuliza binti yake swali lake la kila siku, naye akajibu jibu lake la kila siku, na jibu halikuwa la kweli.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

Hakukusudia kudanganya. Alikuwa amebeba mfuko wa barafu begani, maji baridi yakimtiririka mgongoni, na mmoja wa wageni alikuwa akimwita kutoka kwenye gari akitaka kujua kama kuna mtu aliyeiona kofia yake. Mdomo ulijibu wenyewe, kama unavyoitikia salamu. Baba yake, nahodha wa boti ile kwa miaka ishirini na mitatu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akapanda kwenye usukani, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi kamba zikafunguliwa, binti akabaki gatini. Kufikia saa tisa alasiri, hakuwa na baba.

Koki yenyewe ilikuwa kitu kidogo cha shaba chenye mpini mwekundu, huko chini karibu na ngama, mahali maji ya ndani ya boti yanapojikusanya. Boti ilikuwa na matangi mawili ya dizeli, la kulia na la kushoto, na kila injini ilikunywa kutoka tangi la upande wake. Lakini mpira wa pampu pale gatini ulikuwa mfupi. Ulifika kwenye mdomo wa tangi la kushoto, basi. Kwa miaka mingi walisema wataomba mpira mrefu zaidi, na kwa miaka mingi hawakuomba. Kwa hiyo kila jioni yeye, ambaye kazi yake ilikuwa mafuta, alijaza la kushoto, akashuka, akafungua koki kwenye bomba lililounganisha matangi, na dizeli ikagawanyika yenyewe usiku kucha. Asubuhi alishuka tena akaifunga. Baba yake alizoea kusema matangi yale ni kama mume na mke waliogombana, usiku wanalala kitanda kimoja, asubuhi kila mtu na chai yake. Watu wa gatini walimwita binti huyo Mama Dizeli, ingawa hakuwa na mtoto, na alikuwa ameizoea harufu ile mikononi kiasi kwamba sabuni ndiyo iliyomnukia vibaya.

Siku ile maji ya bahari yaliingia tangi la kulia kupitia mfuniko wake, ambao mpira wake ulikuwa umepasuka bila mtu kujua. Kama koki ingefungwa, injini ya kulia ingezima na wangerudi polepole kwa ile ya kushoto, wakichekwa na kila boti iliyowapita. Koki ilikuwa wazi. Maji yakahamia upande wa pili. Injini zikazima moja baada ya nyingine pale kwenye mlango wa mwamba, mawimbi yakiwasukuma kwenye jiwe. Nahodha aliwaambia wageni wawili na mwanawe, aliyekuwa baharia wake, wavae majaketi, wavue viatu, waruke upande wa mbali na mwamba. Yeye akashuka chini kutoa maji kwenye filta. Boti nyingine iliwaokota watu watatu. Nahodha alirudishwa na bahari siku ya tatu.

Mabaki ya boti yalipoinuliwa kwa winchi na kulazwa kwenye zege, Mama Dizeli alifika kabla ya mkaguzi wa bima. Alipenya kwenye tundu lililokuwa ubavuni, akapapasa matope mpaka akaugusa mpini. Ulikuwa umelala sambamba na bomba. Wazi. Alikaa pale kwa muda, mkono ukiwa juu yake, kisha akatoka. Mkaguzi aliandika kwamba maji yaliingia kwenye mafuta na injini zilikuwa kuukuu. Hakuuliza koki ilipaswa kuwa vipi, na mtu pekee ambaye angeweza kumwambia alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake.

Mdogo wake, yule baharia, alisikia lile neno "nimefunga" kwa masikio yake mwenyewe asubuhi ile. Basi kwake yeye hesabu ilikuwa moja tu: ikiwa koki ilifungwa na bado injini zote mbili zilizima, maji yalitoka kwenye pampu. Tangu matanga hakumsalimia tena mwenye pampu. Alimpita kama nguzo. Na dada yake alikuwa akiona.

*

Miezi kumi na minne baadaye, meza ya jikoni kwa mama yao ilijaa picha za boti. Bima ilikuwa imelipa, na wageni wa uvuvi wa mchezo, wale wanaosafiri mbali ili kupigana na nduwaro saa nzima kisha wamwachie aende zake, walikuwa wameanza kupiga simu kuuliza kama familia ile itarudi baharini msimu unaokuja. Mama yao alisikiliza simu zile. Siku moja, akiwa anashona kifungo cha shati lisilokuwa na mwenyewe tena, alitoa uamuzi wake. Yeye boti haijui. Watoto wake wawili wakikubaliana, ataweka sahihi Jumamosi alasiri. Mmoja akikataa, wote wanabaki nchi kavu, watafute kazi nyingine.

Mdogo wake alikuwa na jina la utani tangu utotoni, Nahodha Mdogo. Baada ya msiba watu wa gatini walilikata lile "Mdogo" kwa heshima, lakini wiki chache baadaye likarudi lenyewe, maana nahodha asiye na boti watu hawajui wamwiteje. Yeye mwenyewe hakulalamika. Alitaka boti tu, na alitaka iwe na nguvu. Injini kuukuu ndizo zilizomuua baba, alisema. Safari hii wanunue kitu ambacho bahari yenyewe itakipisha njia.

Kwanza alitaka ile yenye mashine nne za kupachikwa nyuma, zimepangwa kama wanajeshi. Akaitwa fundi wao wa siku zote, mzee mmoja mwembamba aliyeitwa Fundi Polepole kwa sababu kati ya swali na jibu lake mtu angeweza kwenda dukani na kurudi. Fundi aliitazama picha mpaka chai yake ikapoa. Kisha akauliza: mgeni yuko kwenye kiti chake anapigana, nduwaro akapita chini ya tezi, hapo nyuma, mshipi utapita wapi kati ya vichwa vinne vya mashine?

"Nitaigeuza boti," alisema Nahodha Mdogo.

"Wakati wewe unageuza," alisema fundi, "samaki ameshafika kwao anasimulia."

Hata mama yao alicheka. Picha ile ikawekwa kando, ikatumika kuwekea sufuria.

Zikabaki mbili. Ya kwanza ilikuwa ya futi hamsini na mbili, injini mbili za dizeli katikati ya tumbo, kila moja ikizungusha shafti ndefu iliyonyooka mpaka kwenye propela yake. Ni mpango uleule wa boti ya baba yao. Rangi yake ya krimu ilikuwa imepauka, chumba chake kilinuka godoro la zamani, na wakati wa kwenda mbio ilikohoa kidogo kabla ya kukubali. Ya pili ilikuwa ya futi hamsini na sita, nyeupe pe, na propela zake zilining'inia chini ya boti kwenye miguu miwili inayogeuka huku na huku. Podi, ndivyo dalali alivyoziita. Haikuwa na shafti ndefu wala shikio la kugeuzia chombo. Nahodha alishika kijiti kifupi kama cha mchezo wa televisheni, akikisukuma ubavu boti inakwenda ubavu, akikipinda boti inazunguka palepale. Ilikula mafuta kidogo kuliko ile nyingine na ilikimbia zaidi.

Nahodha Mdogo alikishika kile kijiti mara moja tu, boti ikiwa bado imefungwa gatini, na dada yake aliuona uso wake. Hakuwa ameuona uso ule tangu Alhamisi ile.

Dalali alikuwa mtu wa viatu vyeupe na maneno laini. Alimwita Nahodha Mdogo "kapteni" bila kukosa na akamvika vilemba vya ukoka mpaka shingo ikaelemewa. Wakati wale wawili wakiwa juu wanasifu vioo, Mama Dizeli alishuka na Fundi Polepole kwenye chumba cha injini. Kilikuwa kisafi kuliko jikoni kwao. Kwa mazoea alitafuta matangi kwanza. Akaliona la kushoto. Akageuka kutafuta la kulia, na mahali pake palikuwa na ukuta mweupe wa plastiki ngumu.

Fundi aligonga ukuta ule kwa kifundo cha kidole. Akafikiri. Akasema ni sanduku la barafu. Mwenye boti wa kwanza alitaka mahali pa kuweka jodari wakubwa, akatoa tangi moja. Tangi lililobaki lilikuwa refu na lilitosha mwendo wa siku nzima, lakini bomba lililotoka humo lilikuwa moja, lenye koki moja, kabla ya kugawanyika kwenda kwenye injini mbili.

 Mama Dizeli alipanda juu akamwambia mdogo wake kwamba boti ile haifai, ina tangi moja. Mdogo wake akamwita dalali, na dalali akawa na majibu yote mfukoni: filta ni kubwa, kuna kengele inayolia maji yakiingia, mafuta yakiwa safi hakuna taabu. Nahodha Mdogo akasema ndiyo hivyo, taabu ni mafuta, na wao hawatanunua tena kwenye pampu ya yule bwana.

"Siipendi," alisema dada yake.

"Kwa nini?"

"Siipendi tu."

Mdogo wake alimsogelea. Alimwambia, kwa sauti ya chini ili dalali asisikie, kwamba anajua kinachomsumbua. Anaogopa. Hata yeye anaogopa. Lakini matangi ya baba yalikuwa mawili na koki ilifungwa, na yamewasaidia nini?

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Neno lilikuwa pale kwenye ulimi. Alitazama viatu vyeupe vya dalali, akatazama kijiti. Akasema wakaijaribu baharini Jumamosi asubuhi, halafu atatoa neno lake.

Siku mbili zile hakula vizuri. Alijaribu kumwambia mama yake akiwa anaanika nguo, akaishia kumsaidia kuanika. Alikwenda kwa mdogo wake mpaka mlangoni, akamkuta amelala chali kochini anachora na kidole hewani jinsi atakavyoirudisha boti kinyumenyume kumfuata samaki, akaondoka bila kubisha hodi. Aliwaza kwamba anaweza kukubali tu. Boti ni nzuri. Kengele ipo. Pengine maji hayataingia kamwe. Kisha akawaza kuhusu asubuhi, mdogo wake yuko juu kwenye usukani, wageni wanatafuta kofia zao, yeye ana barafu begani. Na safari hii hakutakuwa na koki ya kutenganisha mafuta ambayo mtu angeweza kuisahau, maana boti ile ilizaliwa imesahauliwa.

*

Jumamosi walitoka saa tatu. Walikuwa wanne: Nahodha Mdogo kwenye usukani, dalali pembeni yake, Fundi Polepole na Mama Dizeli nyuma. Upepo ulitoka baharini, ukielekea kwenye ukuta mrefu wa mawe uliojengwa kukinga bandari. Nje ya ukuta Nahodha Mdogo alisukuma mikono ya kasi mbele na boti ikainuka kama iliyoitwa jina. Hapakuwa na ile kelele ya chini ya shafti inayotetemesha meno. Iliteleza. Aliikata kulia, akaikata kushoto, akaisimamisha, akairudisha kinyumenyume kwa kile kijiti, tezi ikifuata mahali alipoitaka kwa usahihi wa sindano. Dalali alikuwa ameacha kusifu. Hakukuwa na haja.

Mama Dizeli alimuuliza fundi kina cha pale. Fundi akasema pima tisa, mchanga. Akamuuliza kama nanga inashika. Fundi akasema kwa kawaida inashika. Basi akashuka ngazi ya chumba cha injini, na fundi akamfuata.

Kelele ilikuwa kubwa huko chini. Alipiga magoti kwenye tangi, akaushika mpini wa ile koki moja.  Fundi Polepole aliutazama mkono, akautazama uso wake. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alisema jambo upesi.

"Ukifunga hiyo zinakufa zote mbili."

"Najua, fundi."

Mzee hakumzuia. Alichukua tochi yake kutoka mfukoni akaiwasha.

Mama Dizeli akaugeuza mpini.

Kwa muda hakukutokea kitu. Injini ziliendelea kunguruma kwa mafuta yaliyobaki kwenye mabomba, naye alihesabu kimoyomoyo, akafika arobaini, akaanza kutumaini kwamba amekosea. Kisha ya kushoto ikapiga chafya. Ikashuka, ikapanda, ikanyamaza. Sekunde chache baadaye ya kulia ikafuata, na chumba kikawa kimya kiasi kwamba alisikia maji yakipita nje ya tumbo la boti.

Aliufungua mpini tena papo hapo, akamwambia fundi aanze kuvuta mafuta na kutoa hewa kwa pampu ya mkono, akapanda juu mbio.

Alichotarajia kukikuta ni mdogo wake amekasirika. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Badala yake alimkuta ameketi sakafuni karibu na usukani, mgongo ukiegemea kiti, anafungua kamba za viatu vyake. Alishamaliza kimoja. Vidole vyake havikuwa vikimsikia kwenye cha pili. Uso ulikuwa umempauka na macho yalikuwa kwenye ukuta wa mawe, ambao ulikuwa mita mia nne nyuma yao na ukikaribia. Hakuna injini, kwa hiyo hakuna propela. Hakuna propela, kwa hiyo hata kugeuka hakuna. Kijiti kilikuwa kimesimama pale pale, hakina maana. Dalali alikuwa akibonyeza kila kilichobonyezeka na kusema, kwa nafsi yake mwenyewe, kwamba haijawahi kufanya hivi.

"Vaa jaketi," Nahodha Mdogo alimwambia dada yake, bila kumtazama. "Vua viatu."

Ndipo Mama Dizeli alipojua alichofanya. Alitaka kumwonyesha kitu, naye alikuwa amemrudisha palepale.

Hakuwa na nafasi ya kulia. Alipita ubavuni mpaka omo, mbele ya boti, akaitoa nanga kwenye kufuli lake, akabonyeza. Mnyororo ulikimbia ukipiga kelele. Boti ilinesa, nanga ikagusa chini, ikakwaruza, ikaachia. Ukuta sasa ulikuwa na mawe yanayoweza kuhesabiwa, na povu kati yake. Akaongeza mnyororo. Ikakwaruza tena. Akaongeza uliobaki wote na kukaa juu ya mashine ya nanga kama mtu anayezuia mlango, ingawa uzito wake haukuwa na kazi yoyote pale. Kisha omo ikageuka polepole kuutazama upepo, mnyororo ukakaza, na boti ikasimama. Mita mia na hamsini, labda.

Aliporudi nyuma, alimtuma dalali chini akamshikie fundi tochi. Dalali alitazama viatu vyake, akatazama ngazi yenye mafuta, akashuka. Wakabaki wawili. Akaketi sakafuni mbele ya mdogo wake.

"Ni mimi niliyezizima," alisema. "Nimefunga koki ya chini. Moja tu, zikafa zote."

Mdogo wake alimtazama kama anayesikia kutoka mbali.

"Na siku ile ya baba sikufunga."

Boti ilipanda wimbi dogo, ikashuka.

"Alikuuliza," alisema mdogo wake. "Nilisikia."

"Aliniuliza."

"Ukasema umefunga."

"Nikasema nimefunga. Sikuwa nimeshuka. Nilikuwa na barafu."

Alimweleza yaliyobaki kwa maneno machache: tundu kwenye ubavu wa boti iliyovunjika, matope, mpini uliolala sambamba na bomba, mkaguzi. Alisema kwamba maji hayakutoka kwenye pampu. Hakuomba msamaha, kwa sababu kila neno la msamaha alilolijaribu kichwani kwa miezi kumi na minne lilikuwa dogo mno, na hakutaka kumpa mdogo wake kazi ya kulipokea.

 Chini walisikia pampu ya mkono ya fundi ikienda, taratibu, na dalali akiuliza kama bado. Hatimaye Nahodha Mdogo alikiokota kiatu alichokivua, akakishika mapajani.

"Mwaka mzima sijamsalimia yule bwana wa pampu," alisema.

Akainuka, akaenda omo peke yake, akasimama na mgongo wake kwa dada yake mpaka injini ya kwanza ilipowaka. Ilichukua dakika arobaini. Alirudi kwenye usukani mguu mmoja ukiwa peku, akapandisha nanga, akaiingiza boti bandarini kwa kile kijiti, kwa ustadi, bila kugusa gati hata kidogo. Dalali, suruali imelowa dizeli mpaka magotini, alisema wanaweza kuongeza filta ya pili, na kengele yenye sauti kubwa zaidi. Nahodha Mdogo alimrudishia funguo. Akamfikia dada yake. Alimpita kama nguzo.

*

Mama yao alikuwa ameshavaa nguo za kwendea kuweka sahihi. Alikuwa ameketi mezani, miwani mkononi, mkoba mapajani. Alipoona mwanawe amepitiliza mpaka chumbani na kufunga mlango, hakumfuata. Alimtazama binti yake, akangoja.

Mama Dizeli alisimulia akiwa amesimama. Aliona kuketi kungekuwa kujionea huruma. Alianza na barafu na kumaliza na ukuta wa mawe, hakuruka kitu. Kiti kilicho upande wa dirisha, ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba, kilikuwa kati yao.

Mama yake alivua miwani ambayo hakuwa ameivaa, yaani aliinua mkono usoni na kukuta hakuna kitu, akaushusha.  Jirani aliwasha redio, akaizima.

"Ile boti nyingine," alisema mama yake mwishowe, "ina matangi mangapi?"

"Mawili, mama."

"Kila injini na lake?"

"Kila injini na lake."

"Basi leteni karatasi."

Aliweka sahihi siku ileile, kisha akaingia chumbani kwake na hakutoka mpaka kesho yake. Nahodha Mdogo aliweka yake chini ya ile ya mama yao. Alikaa siku tisa bila kusema na dada yake. Siku ya tano, mwenye pampu aliwaambia watu gatini kwamba Nahodha Mdogo alimjia asubuhi, akasimama mbele yake, akamwamkia kama anavyoamkiwa mtu mzima, na akashindwa kuendelea. Mwenye pampu alidhani kuna msiba mwingine.

Siku ya tisa Nahodha Mdogo alimtumia dada yake ujumbe wa maneno manne: Njoo na bisibisi kubwa.

Alimkuta ndani ya boti ya krimu pamoja na Fundi Polepole, wamechuchumaa juu ya bomba linalounganisha matangi. Nayo ilikuwa na koki, kama ile. Fundi alikuwa ameichonga kwa tupa tangu alfajiri. Alimwonyesha: mpini sasa ulivaliwa na kuvuliwa. Koki ikiwa wazi, mpini unang'ang'ania, hautoki hata ukivutwa na wanaume wawili. Koki ikifungwa kabisa, mpini unachomoka wenyewe mkononi. Mdogo wake alimwambia aujaribu. Hakumtazama usoni, lakini alisogea kumpa nafasi. Mama Dizeli aliugeuza, ukachomoka. Kilichobaki kilikuwa kutumia bisibisi ile kufunga kwenye ubao wa usukani msumari mnene wa skrubu, wa shaba, wa kuutundika mpini mahali ambapo nahodha anauona bila kugeuza shingo.

Mpira wa pampu bado ni mfupi. Walikwenda kuomba mrefu, wakaambiwa subirini, wanasubiri. Kwa hiyo kila jioni Mama Dizeli anajaza tangi la kushoto, anavaa mpini, anafungua koki, na dizeli inagawanyika usiku. Asubuhi anashuka, anafunga, anapanda na mpini mkononi, anautundika. Mdogo wake haulizi kitu. Anatazama msumari. Mpini ukiwa pale, anafungua kamba.